Je, ni Upuuzi Kusafiri Peke Yako kwa Ajili ya Kucheza?

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nieleze maoni yangu juu ya jambo lililonisumbua tangu muhula uliopita. Wengi wenu mlikuwapo ukumbini siku ile Chama cha Majadiliano kilipojadili hoja hii: "Kusafiri peke yako nchi ya kigeni kwa ajili ya kucheza tu ni upotevu wa fedha." Mimi nilisimama kuipinga. Nilishindwa kwa kura 41 kwa 17, na katika hao 17, naogopa, wengi walikuwa wa bweni langu walionionea huruma. Sina haki ya kulalamika, maana nilisema vibaya. Nilishikwa na hasira nikasahau nusu ya maneno yangu. Basi nayaandika hapa, ambapo hakuna mtu wa kunipigia kengele.

Wale ambao hawakuwapo, hasa ninyi mabwana mliosoma hapa zamani, yafaa mjue kwamba hoja ile haikutoka hewani. Ilitungwa kwa ajili yangu. Mwezi wa Agosti nilitoka nyumbani Gatsata nikaenda Nairobi kwa basi, peke yangu, nikapanda lile gurudumu kubwa katika bustani ya michezo ya Two Rivers, kisha nikarudi. Sikwenda kumwona mgonjwa, wala kuzika, wala kununua bidhaa, wala kutafuta nafasi ya chuo. Nilikwenda kucheza. Habari hii ilifika shuleni kabla yangu, na nilipofika nilikuta nimekwisha kupewa jina la "Mtalii".

Kwetu Gatsata ni pale barabara inapoacha Nyabugogo kuelekea Gatuna. Ukimtajia mtu wa Kigali jina la Gatsata, atawaza gereji, spea na oili iliyomwagika. Hakosei. Mjomba wangu ni fundi, na mimi nimefanya kazi kwake kila likizo tangu nilipopata nguvu ya kuinua jeki. Kiswahili changu cha kwanza nilikipata chini ya magari, kwa mafundi na madereva wa Kongo, Uganda na Kenya, ndiyo maana mwalimu wetu hunisahihisha sana. Baba naye alikuwa utingo wa lori la Kampala na Nairobi. Aliporudi safari alitusimulia mambo mengi, mengine ya kweli, na kati ya hayo ya kweli ni kwamba Nairobi kuna gurudumu refu kuliko nyumba za ghorofa, na watu hulipa fedha ili wazungushwe bila kufika popote. Baba alilisimulia jambo hilo kama kichekesho. Mimi sikucheka. Nilitaka kulipanda.

Halafu mwezi wa Februari 2019 mpaka wa Gatuna ukafungwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Malori ya Kampala yaliyokuwa yakipita mbele ya nyumba yetu usiku kucha yakaelekezwa njia ya Kagitumba, na mara nyingine hayakwenda kabisa. Kazi ya baba ikapungua, kisha ikaisha. Mpaka haukufunguliwa tena hata tarehe 31 Januari 2022, na sisi watu wa kawaida tulingoja zaidi kidogo baada ya hapo. Kwa miaka mitatu Uganda, ambayo iko kilomita 80 tu kutoka kwetu, ilikuwa mbali kama Ulaya. Wenzangu wa mikoa mingine walisoma jambo hili katika habari. Sisi wa Gatsata tulilisikia kwa masikio: barabara ilinyamaza.

Nasema haya kwa sababu msemaji mkuu wa upande ule aliuliza, "Kwa nini usingecheza hapa hapa?" Jibu langu lilikuwa hili, nami nililisahau: kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa, na sasa umefunguliwa. Tangu mwaka 2014 raia wa Rwanda, Uganda na Kenya huruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tu, bila pasipoti. Mimi kitambulisho ninacho tangu nilipotimiza miaka kumi na sita. Nilikuwa nimekitumia kwa nini? Kusajili simu.

Sasa habari ya fedha, maana ndiyo iliyoniangusha. Mjomba hunilipa faranga 2,000 kwa siku na chakula cha mchana. Kwa likizo nne nilifanya kazi siku 70, nikaweka zote, zikawa 140,000. Yule msemaji alisimama akasema, "Mabwana, 140,000 ni mabati!" na ukumbi mzima ukapiga makofi. Ni kweli. Tena alisema kweli kuliko alivyojua, kwa kuwa jiko la mama lilikuwa likivuja, naye mama alikuwa ameyataja mabati mara mbili bila kuniangalia usoni. Alipojua nia yangu hakunikataza. Alisema tu, "Fedha ni zako, mwanangu, umezitolea jasho." Mwenye mama anajua uzito wa maneno kama hayo. Na mvua za Oktoba zilipoanza, niliporudi nyumbani siku ya kutembelea nikasikia maji yakidondoka katika sufuria, niliona haya. Siwezi kuandika hapa kwamba sikuona haya. Likizo ya Noeli nilirudi gerejini, nikanunua mabati matatu, na fundi wa kuyapigilia nilikuwa mimi. Lakini hata nilipokuwa juu ya paa lile sikujutia safari. Mambo hayo mawili yote ni ya kweli, nami sijui kwa nini katika majadiliano mtu hulazimishwa kuchagua moja.

Nitasimulia safari yenyewe kwa kifupi, isipokuwa pale panapostahili.

Basi liliondoka Nyabugogo saa kumi na mbili jioni, na baada ya dakika chache likapita mbele ya nyumbani kwetu, nikaona taa ya gereji ya mjomba. Nadhani ni watu wachache wanaoanza safari ya nchi za nje kwa kurudi kwao kwanza. Tulifika Gatuna usiku. Huko mambo mawili hugeuka: gari lililokuwa likienda mkono wa kulia huhamia mkono wa kushoto, na saa husogezwa mbele kwa saa moja. Nilikaa macho makusudi nione dereva atahamaje, nikaona kwamba huhama tu, kama mtu aliyezoea. Abiria jirani yangu, mtu mzima wa Mbarara, aliposikia natoka Rwanda aliniuliza jambo lile ambalo kila mgeni hutuuliza, habari za mwaka 1994. Nilimjibu kwa heshima. Lakini mimi nilizaliwa miaka zaidi ya kumi baadaye, na kwetu mambo hayo hatuyazungumzi ndani ya basi na mtu usiyemjua jina. Alipoona nimenyamaza, naye akanyamaza, akanipa nusu ya ndizi zake za kuchoma. Alikuwa mtu mwema.

Mstari wa ikweta tuliuvuka mara ya kwanza kabla ya Kampala, nami nilikuwa nimelala. Asubuhi tukafika Jinja. Hapa naomba wasomaji wanivumilie. Daraja jipya la Jinja, lililofunguliwa mwaka 2018, lina urefu wa mita 525, na chini yake hupita mto Nile unaotoka katika Ziwa Viktoria. Katika jiografia tumefundishwa kwamba mto Nyabugogo huingia Nyabarongo, Nyabarongo huingia Akagera, na Akagera humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Nimeliandika jambo hilo katika mtihani mara tatu na kupata alama. Lakini sikuwahi kulifikiri hata siku moja mpaka nilipokuwa juu ya daraja lile. Maji ya Nyabugogo, yale yale yanayopita nyuma ya gereji zetu, yale tuliyokuwa tukioshea vyuma tukiwa wadogo bila mtu kutukataza, njia yake ni ile. Nikaona haya mara ya pili, na mara hii si kwa sababu ya mabati. Ningalikuwa na wenzangu ningalikuwa nikibishana habari za mpira wakati basi likivuka, maana daraja lile ni la dakika moja tu.

Huko Busia, mpakani mwa Kenya, nilipata hasara. Nilibadilisha fedha kwa mtu aliyekuwa amesimama kando ya njia na bunda mkononi, badala ya kuingia dukani kama baba alivyoniusia. Kati ya noti alizonipa moja ilikuwa ya shilingi 1,000 ya namna ya zamani. Noti hizo zilikoma kutumika Kenya tarehe 30 Septemba 2019. Mimi sikulijua hilo, nikaiona nzuri kuliko nyingine. Kondakta wa matatu huko Nairobi ndiye aliyenifungua macho. Aliigeuza mara mbili, akasema, "Kijana, hii peleka makumbusho," na abiria wote wakacheka, nami nikacheka kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Kwa hasara hiyo nilikula chapati na maharagwe siku mbili, na michezo niliyokusudia kucheza minne ikawa miwili. Wapinzani wangu waliitumia sana noti hii ukumbini. Lakini nawauliza: somo hilo lingalifundishwa darasa la ngapi?

Kati ya Busia na Kisumu tuliuvuka ikweta mara ya pili, mahali paitwapo Maseno, na safari hii niliuona kwa macho. Nairobi tuliingia usiku. Nililala katika nyumba ya wageni ya kanisa, chumba kimoja na watu watatu wasiojuana, na kesho yake nikaenda Two Rivers, iliyoko njia ya Limuru karibu na Ruaka. Ni jumba kubwa la maduka lililofunguliwa mwezi wa Februari 2017, na kando yake kuna bustani ya michezo: bembea za kuzunguka, magari madogo ya kugongana, na lile gurudumu liitwalo Eye of Kenya, lenye urefu wa mita 60 hivi.

Nilisimama chini yake robo saa nzima kabla ya kununua tikiti. Nilikuwa nikiangalia bolti zake. Tabia ya gereji haiondoki.

Kijana aliyekuwa mlangoni aliniuliza, "Uko peke yako?" Nikajibu ndiyo. Nililiogopa swali hilo tangu Kigali, maana pale wote walikuwa wawili wawili, au baba na mama na watoto. Akaniingiza pamoja na bibi mmoja wa Kiambu na mjukuu wake wa miaka kama sita. Chumba kilipoanza kupanda, mtoto alicheka. Tulipofika nusu alilia. Bibi alifumba macho akashika chuma kwa mikono miwili, hivyo mtoto akanishika mimi. Nikaanza kumwonyesha vitu ili asiangalie chini: nyumba za ghorofa za Ruaka zenye nguo zilizoanikwa, barabara, miti ya kijani upande ule, na mbali kabisa majumba marefu ya mjini. Bibi akauliza, macho bado amefumba, "Kijana wangu, Kiswahili hicho ni cha wapi?" Nikamwambia natoka Kigali, Rwanda. "Umetoka Rwanda kuja kupanda hii?" Nikasema, ndiyo, Shosho. Akafungua macho, akaniangalia, akacheka mpaka chumba kikatikisika. Kisha akaniuliza kama kwetu viazi huota vizuri, na gunia ni kiasi gani. Tulizungumza habari za viazi mpaka tukashuka.

Yule bibi hakuniuliza habari za vita, wala wakimbizi, wala siasa. Kwake nilikuwa kijana aliyekuja kucheza kutoka nchi yenye viazi. Sijui kama naweza kuwaeleza jinsi jambo hilo lilivyonipendeza.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Tunasikia kila siku habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nchi yetu iliingia mwaka 2007, na Kiswahili kimekuwa lugha rasmi hapa tangu mwaka 2017. Lakini tazameni ni nani wanaovuka mipaka: ni mafuta, saruji, mahindi, na wale wanaovisindikiza. Watu wengine huvuka kwa shida, yaani ugonjwa, msiba, au karo. Anayevuka kwa furaha tu huonekana mwehu. Mimi naona kwamba jirani unayemwendea kwa shida tu bado hujawa jirani yake sawasawa. Tena baba alivuka mpaka ule mara nyingi sana, akaliona gurudumu kwa mbali, wala hakuwahi kulikaribia, kwa kuwa lori halingojei. Niliporudi aliniuliza maswali mengi kuliko mama, na swali la kwanza lilikuwa kama linapiga kelele linapozunguka. Nikamwambia halipigi. Lilionekana kuwa jambo alilotaka kulijua siku nyingi.

Na kwa nini peke yako? Bwana mmoja upande ule alisema kwamba mnyama anayeacha kundi huliwa. Nakubali kwamba kuna hatari, na noti yangu ni ushahidi. Lakini tumekwenda safari ngapi za shule? Wanafunzi sitini, mabasi mawili, mwalimu mwenye filimbi. Ukirudi wakikuuliza umeona nini, kwa hakika umeona kisogo cha mwenzako. Nilipokuwa peke yangu ilinibidi niulize njia, nisome vibao, nihesabu fedha, na nizungumze na watu ambao nisingalizungumza nao kamwe. Sikatai kwamba kulikuwa na upweke. Saa ya kula ilikuwa mbaya. Na nilipokuwa katika mchezo wa pili, wale wengine walipopiga kelele kwa furaha, nilijaribu kupiga kelele peke yangu nikaona haitoki.

Msemaji mwingine alisema kwamba bustani hizi ni desturi za Wazungu, sisi zatuhusu nini? Swali hili ndilo lililonipandisha hasira. Gurudumu kubwa la kwanza la namna hii lilijengwa Chicago, Marekani, mwaka 1893, na mjenzi wa madaraja aitwaye George Ferris. Lilikuwa na urefu wa mita 80, na vyumba 36, kila kimoja cha watu 60. Baadaye lilihamishwa hata St. Louis kwa maonyesho ya mwaka 1904. Na katika maonyesho hayo hayo, pamoja na gurudumu lile, kulikuwa na kijana wa Kongo jina lake Ota Benga, aliyeletwa ili watu wamtazame. Mwaka 1906 alitiwa katika nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na mwaka 1916 alijiua. Kabla yake, mwaka 1897, Wabelgiji walipeleka Wakongo 267 Tervuren, karibu na Brussels, wakawajengea vijiji kando ya bwawa ili watazamwe. Saba kati yao walikufa huko. Na mwaka 1958, watu waliokuwa shuleni wakati huo wangali hai, Brussels ilikuwa tena na kijiji cha Wakongo katika maonyesho yake. Basi asiniambie mtu kwamba bustani za michezo hazituhusu. Zilituhusu zamani, ila tulikuwa upande usiofaa wa uzio. Mimi nilinunua tikiti kwa faranga za jeki na spana, nikapanda, nikatazama nilichotaka.

Neno moja la pembeni, kabla Mhariri hajanikata. Hapa Kigali bustani ya Nyandungu ilifunguliwa mwaka 2022 pale palipokuwa na kinamasi kilichoharibika, na vinamasi vingine vitano viliwekwa katika mpango wa kutengenezwa, kimoja wapo kikiwa hiki chetu cha Nyabugogo. Nafurahi, hasa baada ya kuyafikiri yale maji pale Jinja. Lakini wenye kupanga wasisahau kwamba watoto wa Gatsata hucheza kwa matairi mabovu kando ya barabara ya malori. Ndege na njia za kutembea ni vizuri. Wawekeeni na bembea. Hata gurudumu dogo lingefaa, na mafundi wa kulitunza hawako mbali.

Hoja ile itajadiliwa tena muhula ujao, nimekwisha kuandikisha jina. Wakati huo huo, mwenzetu anayekusudia kusafiri Agosti anione Bweni la Pili baada ya chakula cha jioni. Nitamweleza habari za basi, na mahali pa kulala pa bei ndogo, na nitamwonyesha ile noti, ninayo bado ndani ya kitabu cha jiografia, aitambue kabla hajafika Busia.

— Mwanafunzi wa Kidato cha VI, Gatsata